Mkono Usiogeuka

Jumapili, 4 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Dada na cherehani yake. Presha inasemaje? Dada aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unatoka kutembea asubuhi, nikafurahi. Mimi sijambo. Kikohozi kimekwisha, kazi zipo, na wiki hii tumemaliza kufunga lifti kwenye jengo la ghorofa tisa ambalo wapangaji walikuwa wakipanda ngazi mwaka mzima. Bibi mmoja wa ghorofa ya nane alituletea birika zima la chai, akasema tumemrudishia magoti yake.

Sasa tuje kwenye habari ya jana. Mama, jana ulikuwa na nini?

Nilikwambia nitakuwa na watu. Tulikuwa juu ya paa, kando ya chumba cha mota ya lifti, mimi na wenzangu watatu pamoja na msimamizi wetu, yule ninayekwambia hacheki. Nilikuwa nimewajaza maneno. Niliwaambia mama yangu ana redio ndogo kama kopo la maziwa na antena ya vijiti anayoishika mkononi, na kwa vitu hivyo viwili tu anaongea na setilaiti inayopita juu ya vichwa vyetu, nayo inairusha sauti yake mpaka kwangu, ng'ambo ya mipaka miwili. Niliwaambia alikaa miaka mingi kwenye chumba cha redio cha uwanja wa ndege, na kuna marubani walimjua kwa sauti bila kumwona hata siku moja. Setilaiti ikachomoza, nikakuita, ukaitika vizuri, kila mtu akatabasamu. Halafu sauti yako ikazama. Ukarudi. Ukazama tena. Yule tunayemwita Mrefu akaniuliza kama mama yangu anaongea akiwa ndani ya pipa.

Tatizo unalijua, maana wewe ndiye uliyenifundisha. Setilaiti inajiviringisha njia nzima. Antena yake mara imesimama, mara imelala, na vijiti vyako visipolala kama yake ilivyolala, sauti inamezwa. Dawa ni kifundo cha mkono basi: unasikiliza, unageuza kidogo, unasikiliza tena. Mimi nilikuwa nakufuatilia kwa sikio. Ulizama, ukabaki umezama mpaka setilaiti ilipojigeuza yenyewe ikakukuta hapo ulipo. Mtu anayegeuza mkono hasikiki hivyo. Huyumba kidogo akarudi. Wewe ulisimama kama nguzo ya umeme.

Ndiyo maana nikasema yale maneno hewani: "Mama, geuza mkono, hiyo ni antena, siyo mwiko." Wote waliokuwa kwenye masafa walicheka, hata Kinyozi, yule mwenye saluni anayekimbilia redio kati ya kichwa na kichwa. Usikasirike. Nilitaka kuchangamsha tu, maana nilishaanza kuona haya mbele ya msimamizi.

Jambo kubwa ni hili. Jumamosi ya tarehe 24 chuo cha ufundi cha hapa kina siku ya wageni, na msimamizi ameniomba nikaonyeshe jinsi tunavyozungumza kwa setilaiti. Wanatafuta mkufunzi wa umeme pale, na yeye anajuana na mkuu wa chuo. Ni mara ya kwanza mtu huyu ananiomba kitu badala ya kuniamuru. Nakutegemea, Mama. Fanya mazoezi kidogo, na kifundo kiwe laini.

Msalimie Dada.

Mwanao,
Kitindamimba


Jumatano, 14 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, dada yako hajambo. Ana kazi ya sare za shule mpaka anaota vifungo. Presha iko mahali pake. Nimefurahi kwa kikohozi chako na kwa magoti ya yule bibi.

Utaona barua imepigwa taipu. Dada yako amepata kompyuta iliyotumika kwa ajili ya oda za wateja wake, nami nimeona nijifunze. Natafuta herufi moja moja kama kuku anayedonoa, kwa hiyo usitegemee maneno mengi.

Kuhusu antena, nadhani ni waya. Pale unapoingia kwenye redio umelegea. Nitaushughulikia.

Lakini nikukumbushe kitu. Masafa yale si sebule yetu. Neno likitoka pale limefika kwa watu usiowajua, na huwezi kuwafuata mmoja mmoja. Nilipokuwa kazini kuna msichana alimsomea rubani upepo kinyume. Alipogundua, aliinuka kwenda kumweleza msimamizi ofisini. Nilimrudisha kwenye kiti. Nikamwambia, ulikosea kwenye kipaza, sahihisha kwenye kipaza, waliokusikia wako huko. Sikuandikii hili kwa sababu ya mwiko wako. Nakuandikia ili tarehe 24 upime maneno kabla ya kubonyeza.

Nitakuwepo.

Mama yako


Jumapili, 25 Februari

Mama,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote. Mimi mzima.

Sijui nianzie wapi kuhusu jana. Walikuwa wamepanga viti uani, safu nne. Mkuu wa chuo mbele, wake za walimu, wanafunzi nyuma wamesimama. Msimamizi wangu alikuwa amevaa tai. Nikaeleza setilaiti ni nini, nikainua antena, nikakuita. Ukaitika, "Nakusikia, mwanangu, hapa ni..." na hapo ukazama. Nikakuita tena. Ukatoa maneno mawili, ukazama. Kwenye spika kukabaki mchakacho peke yake, watu safu nne wanausikiliza. Mkuu wa chuo akaangalia saa yake. Mwanafunzi mmoja nyuma akaiga ule mchakacho kwa mdomo, wenzake wakacheka.

Ndipo nikasema niliyosema. Najua uliyasikia, lakini nayaandika ili usiseme nimeyaficha. Nilisema: "Mama, kama mkono umechoka, waachie masafa wanaoweza."

Hakuna aliyecheka. Kinyozi akaingia, akasema, "Kijana, huyo ni mama yako," na setilaiti ikazama upande wa pili. Hivyo ndivyo onyesho langu lilivyokwisha.

Msimamizi alinigonga bega akasema tutaona. Mtu huyu akisema tutaona, ujue hatuoni.

Na huo waya, Mama, ni waya gani? Waya uliolegea hukwaruza, sauti inakatika na kurudi ghafla. Yako haikukwaruza. Ilididimia polepole na kurudi polepole, kama mara ya kwanza. Ule si waya, ni mkono ambao mwenyewe hataki kuugeuza. Unaweza kumdanganya mtu mwingine, lakini mimi nilifundishwa kusikiliza na wewe.

Kama jambo hili limekuchosha, niambie tu. Sitakulazimisha.

Mwanao


Ijumaa, 1 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeandika "natumaini u mzima" nikaifuta. Nimechukua karatasi nyingine.

Dada alinipigia jana. Nilikuwa ndani ya shimo la lifti, nimekaa juu ya boksi la zana, kwa hiyo sikuwa na pa kwenda. Alianza kwa kuniuliza kama nimekula. Halafu akaniambia kwamba mwezi wa kwanza kikombe kilikuponyoka, ukainama kukiokota na vidole havikukamata. Kwamba hospitali walisema ni kiharusi kidogo. Kwamba bega la kulia linanyanyuka, kiwiko kinakunja, lakini kuanzia kwenye kifundo hakuna kitu. Kwamba kila Jumamosi anakupandisha juu ya paa, katikati ya kamba za nguo, anakufungia antena kwenye mkono kwa vitambaa vinavyobaki kwenye sare, na redio unaishika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia hauwezi kubonyeza. Unaweza kuielekeza antena popote angani. Kuigeuza ndiko huwezi.

Na ile asubuhi ya kutembea niliyoifurahia ni njia ya kwenda kwa mtaalamu wa viungo. Na taipu ni mkono wa kushoto.

Mama, nilikuwa sahihi. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Ningekuwa nimekosea kusikia ningejitetea. Nilisikia vizuri kabisa, toka mbali kiasi hiki, kwamba mkono wa mama yangu haugeuki. Na nilipolisikia hilo sikujiuliza kwa nini. Nilijiuliza msimamizi atanionaje.

Dada anasema ulimkataza asiniambie. Ulisema utanieleza mwenyewe mkono ukirudi. Mimi nikakuandikia habari za kifundo laini.

Mrefu aliniuliza jana mbona nimekaa shimoni mpaka wenzangu wamefunga zana. Nikamwambia naangalia breki. Siwezi kumwangalia usoni, kwa sababu alisikia utani wa mwiko na akausifu.

Nimekupigia tangu jana na hushiki simu, na una haki. Lakini wewe ndiye uliyeniandikia kwamba kosa la kwenye kipaza linasahihishwa kwenye kipaza. Kesho ni Jumamosi. Nitafanya hivyo. Wote walionisikia nikikudhihaki watanisikia nikikuomba radhi, na sitaficha kitu.

Mwanao asiyestahili kuandika neno hilo


Jumatano, 13 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Tuko salama. Barua yako ya tarehe 1 imenifikia Jumatatu wiki iliyopita, siku mbili baada ya wewe kufanya ulichosema utafanya. Kama ingewahi, ningekuzuia.

Acha nikueleze ilivyokuwa upande huu, kwa sababu wewe uliisikia kwa upande wa msemaji tu.

Jumamosi ile nilikuwa juu ya paa, nimeshafungwa antena. Dada yako alikuwa amenishikilia kiwiko ili nisichoke. Setilaiti ilichomoza na wewe ukawa wa kwanza kuingia. Sauti yako ilikuwa safi, mkono wako ulifanya kazi nzuri, halikupotea hata neno. Ulisema unaniomba radhi mbele ya watu wote. Ukasema mama yako amepata kiharusi, mkono wake wa kulia umekufa, na wewe ulimcheka. Kisha ukalia kidogo, na kilio nacho kikafika vizuri. Dada yako akageuka akawa anaanua nguo ambazo hazijakauka.

Wiki iliyofuata nilipanda tena. Unajua masafa yale yalivyo. Setilaiti inasikia mtu mmoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo ni vurugu ya sokoni, kila mtu anamwingilia mwenzake. Mimi na Kinyozi tumegombana pale miaka. Ananiambia nimepaki gari langu mlangoni kwake, mimi namwambia akamalize kunyoa nusu ya kichwa aliyoiacha. Niliita, na Kinyozi akasema kwa sauti ya msibani, "Jamani, tumpishe mgonjwa." Wakanyamaza wote.

Hujawahi kuyasikia masafa yale yakiwa kimya katikati ya mchana. Mimi nimeyasikia. Watu wa nchi chungu nzima wamekaa wananisubiri mimi niseme neno, na neno nililokuwa nalo lilikuwa la kumtania Kinyozi, na Kinyozi hakuwa mtu wa kutaniwa tena, alikuwa mtu aliyekuja kuangalia mgonjwa. Halafu yule mwalimu wa hesabu wa upande wa kaskazini akaniuliza, polepole na kwa sauti kubwa kama anayeongea na kiziwi, kama nimepata chakula. Nikawashukuru. Nikamwambia dada yako anifungue.

Mwanangu, yule msichana wa upepo alisahihisha kosa lake kwa kutaja upepo. Upepo haukuwa wa mtu. Wewe umesahihisha kosa lako kwa kutaja mkono wangu. Kosa lilikuwa lako, mkono ulikuwa wangu, na hukuniuliza.

Unajua ninavyoishi siku hizi? Nakatiwa mkate. Navalishwa viatu na binti yangu mkubwa amepiga magoti, pini mdomoni. Nikienda dukani muuzaji mwenyewe anatia vitu kwenye mfuko wangu kabla sijaomba. Kuna mahali pamoja tu nilipokuwa bado yule yule, napo ni hewani, kwa sababu hewani hakuna mkono, kuna sauti. Nilikuwa najisikia nikizama. Sauti yangu inanirudia kwenye spika, nasikia neno la kwanza, la pili, halafu sijisikii. Niliona afadhali niitwe mzembe. Mzembe hugombezwa, na anayegombezwa bado anahesabiwa kuwa anaweza.

Ile ya mwiko haikuniumiza kama unavyofikiri. Ile ya tarehe 24 iliniuma. Hii ya kuombwa radhi ndiyo iliyonivua nguo.

Nami nina haya yangu, nisijifanye. Nilikudanganya kuhusu waya. Ningesema kweli usingepanga viti safu nne. Kazi yako ya ukufunzi ikipotea, sehemu nimeipoteza mimi, na hilo linanikosesha raha nikiwa mezani.

Usinitumie antena. Najua umeshafikiria. Usinipigie kwa sasa. Na usiseme tena habari zangu hewani, za mkono wala za moyo.

Mama yako


Jumapili, 24 Machi

Mama,

Shikamoo. Pole kwa yote.

Nimesoma barua yako kwenye ngazi za jengo tunalofanyia kazi, kwa sababu sikutaka kuisoma mbele ya wenzangu. Sina la kujitetea na sitajaribu. Nilidhani naomba radhi, kumbe nilikuwa natafuta kusafishwa mbele za watu, na maji ya kujisafishia nimeyachota kwako.

Jana nilipanda paani. Sikutaka kuongea, nilitaka kusikia kama upo. Hukuwepo. Kinyozi akauliza, "Mgonjwa wetu yuko wapi leo? Kijana, upo? Mama anaendeleaje?" Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Nilitaka kumwambia asikuite hivyo. Halafu nikaona kwamba nikifungua mdomo, nitakuwa naongea habari zako tena. Wakaniita mara tatu. Mwalimu wa hesabu akasema huenda kijana yuko njiani kwenda kumwona. Nikasikiliza wakinisifu kwa safari ambayo siiendi, mpaka setilaiti ikaondoka.

Nimeifungua antena, vijiti nimevifunga kwenye gazeti na kuviweka kabati la zana kazini, nyuma ya funguo za milango ya lifti. Sitaitumia tena mpaka useme. Na kusema hivyo sikudai useme.

Chuo kimemchukua mtu mwingine. Usijilaumu hata kidogo. Msimamizi aliniambia mwenyewe, na sababu aliyonipa si mchakacho. Alisema mkuu wa chuo alishangaa jinsi nilivyomjibu mama yangu.

Sijamweleza msimamizi habari ya mkono. Alingoja nimweleze, nikaona anangoja, nikanyamaza. Kwake nitabaki mtu aliyemfokea mama yake mbele ya wageni bila sababu yoyote. Hilo nimeona nilibebe mwenyewe.

Msalimie Dada. Mwambie asinifiche tena kitu, hata ukimkataza. Hapana, usimwambie. Amefanya ulichomwambia.

Mwanao


Jumapili, 12 Mei

Kitindamimba wangu,

Marahaba, na hii ni marahaba ya barua yako ya mwezi wa tatu ambayo nimekaa nayo muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Hali yako? Umepungua? Dada yako anasema ulimpigia wiki iliyopita na sauti yako ni ya mtu anayelala vibaya. Sisi tuko salama. Presha nzuri. Mkono haujarudi, na mtaalamu wa viungo, ambaye ni binti mdogo lakini hazungushi maneno, ameniambia nisiusubiri mlangoni.

Hii nimeandika kwa kalamu, kwa mkono wa kushoto. Mistari inapanda mlima, vumilia.

Kwanza antena. Nimetengeneza nyingine. Nilikaa nikafikiri hivi: kama siwezi kuufuata mlalo wa wimbi, nitume wimbi lisilo na mlalo. Ukifunga seti mbili za vijiti kwenye boriti moja, moja wima na nyingine ubavu, na waya wa seti moja ukauzidisha urefu wa robo ya wimbi, basi wimbi linatoka likizunguka kama parafujo. Setilaiti isimame, ilale, ijiviringishe inavyotaka, inalipata tu. Gharama yake unaijua: nusu ya nguvu inapotea kila wakati, hakuna dakika unayopata yote. Lakini mkono haugeuzwi.

Dada yako ndiye aliyekata waya, kwa futi yake ya kupimia viuno. Nilimrudisha mara nne kwa sababu ya milimita. Akaniambia, "Mama, hata mabibi harusi hawajanisumbua hivi, na wale hulia." Lakini alipatia.

Tarehe 20 mwezi wa nne nikapanda. Niliita, Kinyozi akaanza, "Jamani, tumpi..." Nikamwingilia hapo hapo. Nikamwambia, "Kinyozi, ondoa gari lako mlangoni kwangu." Akasema, "Sauti yako imekuwa ndogo." Nikamwambia, "Ndogo lakini haikatiki, na inakutosha wewe." Akasema, "Karibu tena, jeuri." Tangu siku hiyo wananikanyaga kama zamani. Jumamosi iliyopita mwalimu wa hesabu aliniingilia mara mbili mfululizo na hata pole hakusema. Nilicheka mpaka dada yako akauliza kuna nini. Si wote waliorudi. Kuna mmoja bado ananiongelesha kama anamwamsha mtoto, na kila akifanya hivyo najisikia navuliwa viatu. Huyo nitamzoea au atanizoea.

Sasa la pili, ambalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Siku ile ile, baada ya kumalizana na Kinyozi, nilikuita wewe. Nilitaja herufi zako zote za kuitwa redioni, taratibu, mara mbili. Masafa yakanyamaza. Safari hii hawakunyamaza kwa ajili yangu, walikuwa wanakungoja wewe. Hukuitika. Wiki iliyofuata nikakuita tena. Na iliyofuata. Na jana. Jana Kinyozi akasema labda uko shimoni kwenye lifti. Nikasema labda. Najua uko wapi: uko chini, na vijiti viko kabatini, kwa sababu uliahidi na mimi sikukuandikia.

Ningeweza kukuandikia mapema. Sikuandika. Nilitaka wale waliokusikia ukilia wanisikie na mimi nikikuita, hata kama huitiki. Nami nilitaka kujua inakuwaje kusimama mbele ya watu wote na kumwita mtu wako asitokee. Nimejua. Si jambo la kupendeza, uso unawaka hata pasipo mtu wa kukuona, lakini nimesimama na sijafa.

Msimamizi wako mweleze au usimweleze, ni wewe. Mkono huu sasa hauna siri tena, na nimechoka kuulinda.

Jumamosi setilaiti inachomoza kwenu mapema mchana, upande wa kusini, na itapita juu sana, ni zamu nzuri. Nitakuita. Ukiitika, usianze kwa kuniomba msamaha, wala usiniulize nimekula. Niambie unanisikiaje. Ikiwa sauti ni ndogo, sema ni ndogo.

Mama yako